Tume ya Kuwatafuta Waliofurahi

Nchi ninayoisimulia ni nchi ya amani, na asiyeamini hilo hueleweshwa taratibu mpaka aamini. Jina lake silitaji. Si kwa woga, ila wenyewe hupenda jina lao litajwe na msemaji aliyeidhinishwa, nami sijaidhinishwa.

Nchi hiyo ilikuwa na timu nyingi za mpira, lakini timu hasa ilikuwa moja. Nyingine ziliwekwa ili hiyo moja isikose wa kumfunga. Iliitwa Fahari. Mlezi wake alikuwa Mkuu wa Nchi mwenyewe, na watu walizoea kumwita Mlezi tu, kwa kuwa vitu alivyovilea vilikuwa vingi na vyote vilinenepa isipokuwa wananchi. Mtoto akizaliwa alikuwa mwanachama wa Fahari kabla hajapewa jina. Mchezaji akionekana kucheza vizuri popote nchini, gari jeupe lilimfuata nyumbani na kumpongeza kwa kuchaguliwa. Na refa akiona muda umekwisha na Fahari bado haijapata goli, aliongeza dakika. Dakika hizo ziliitwa dakika za uzalendo, na ziliendelea mpaka uzalendo upatikane.

Wananchi waliipenda Fahari kupita kiasi. Waliipenda hasa wiki ya mechi, pale maji yote ya mji mkuu yalipoelekezwa kwenye nyasi za uwanja wake, na mabomba ya majumbani yakabaki yakikoroma. Hospitali ya wazazi ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo ya maji. Wakunga waliwashauri akina mama wangoje Jumatatu. Walioshindwa kungoja walipewa onyo.

*

Mtu aliyekutwa na mambo haya ni Hemedi Lukindo, Naibu Mkurugenzi wa Furaha ya Umma katika Wizara ya Michezo na Furaha. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jukwaa dogo la mbao nyuma ya goli la kusini, akiwa na bendera zake. Akiinua ya kijani, watu walishangilia. Akiinua ya njano, waliimba. Nyeupe ilikuwa ya Mlezi akiingia. Hapo watu waliimba huku wakilia kwa furaha, jambo gumu kidogo, lakini walikuwa wamefundishwa tangu shule ya msingi.

Hemedi alikuwa mtu mpole. Akimgonga mbuzi njiani alimwambia samahani. Hakumchukia mtu yeyote duniani. Ila Fahari aliichukia. Aliichukia tumboni, mahali ambapo serikali ilikuwa bado haijapafikia. Chuki hiyo ilianza asubuhi moja ya wiki ya mechi, binti yake Nasra alipoamka kwenda kufanya mtihani, akafungua bomba likakoroma, akanawa uso kwa chai iliyobaki kwenye chupa. Mtoto hakulalamika. Alijifuta, akaenda, na nzi wawili wakamfuata mpaka shuleni. Baba yake alisimama mlangoni akiwatazama wale nzi.

Tatizo la Hemedi lilikuwa kwamba kipa wa Fahari alikuwa shemeji yake.

Nuhu Nandonde alikuwa mdogo wa mwisho wa Zamda, mke wa Hemedi. Kijana huyo alikuwa mwoka mikate, na jioni alidakia timu ya kiwanda cha mikate, mpaka gari jeupe lilipokuja kumpongeza. Aliishi chumba cha uani kwa Hemedi na alikula nao sinia moja. Tangu achaguliwe, majirani hawakuacha kumsalimu, kwa kuwa kumsalimu mchezaji wa Fahari ilikuwa sheria, lakini walimsalimu kama wanavyomsalimu mtu aliyekuja kukata umeme.

"Mimi nimeambiwa nizuie mpira, shemeji," Nuhu alimwambia Hemedi siku moja. "Basi nauzuia. Mengine sikuulizwa."

Na kweli aliuzuia, ingawa haikuwa lazima, kwa kuwa timu nyingine zilikuwa na adabu ya kutopiga golini. Hemedi alimpenda kijana yule kama mdogo wake wa damu. Namna alivyoweza kumpenda mtu na kuichukia jezi yake, hilo hakujiuliza. Wengi wetu hatukujiuliza.

*

Mwaka huo fainali ya Kombe la Shukrani iliwakutanisha Fahari na Chumvini. Chumvini ni mji wa pwani wa watu wanaovuna chumvi, na timu yao ilikuja juu ya lori la chumvi, wachezaji wameketi kwenye magunia. Jezi zao zilikuwa zimechujuka kwa chumvi hadi haikujulikana zamani zilikuwa rangi gani. Kwa desturi, timu pinzani ilialikwa chakula kizito kabla ya mechi ili icheze ikiwa imeshiba na usingizi. Chumvini walikula chote, wakauliza kama kuna kingine.

Kwa desturi pia, kocha mgeni aliitwa pembeni na kuelezwa thamani ya amani. Kocha wa Chumvini alielezwa vizuri sana. Bahati mbaya sikio lake moja lilikuwa bovu, na ofisa aliyemnong'oneza alisimama upande huo.

Mpira ukaanza. Wachezaji wa Fahari walikuwa wamezoea kupishwa, kama wageni wanavyopishwa mlangoni. Chumvini hawakupisha. Walikaba. Mshambuliaji wa Fahari alipokabwa mara ya kwanza alisimama akamtazama refa kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa msikitini. Kipindi cha kwanza hakijaisha, nusu ya timu ilikuwa imeshika viuno. Aliyekuwa akicheza ni Nuhu peke yake. Aliruka kulia, aliruka kushoto, alitoka akalala miguuni mwa watu. Kama Fahari ilikuwa bado haijafungwa, ni kwa ajili yake tu.

Muda wa kawaida ukaisha bila goli. Zikaanza dakika za uzalendo. Refa akatoa penalti kwa Fahari, kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona lakini lilikubaliwa na wote. Mpigaji akapaisha. Refa akasema filimbi yake haikulia vizuri, irudiwe. Ikagonga mwamba. Refa akasema upepo ulikuwa wa kigeni, irudiwe. Safari hii mpira ukaenda kuangusha kibendera cha kona. Refa akaifuta jasho filimbi yake, akaamua kuongeza muda tu na kumwachia Mungu.

Lakini muda ni kitu kisicho na chama. Kadiri ulivyoongezwa ndivyo Fahari walivyozidi kuchoka. Wengine walikuwa wameketi kabisa. Mlezi mwenyewe alisinzia kwenye kiti chake cha Jukwaa Kuu. Basi beki mmoja wa Chumvini, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, akaubutua mpira ili uende mbali tu, apate kupumua. Ukapanda juu sana, ukashikwa na upepo, ukaanza kushuka upande wa goli la kusini. Nuhu alikuwa amesogea mbele kuwahimiza wenzake wasimame. Alirudi mbio kinyumenyume, akaruka, akaugusa kwa ncha za vidole. Mpira ukaingia.

Refa akaitazama filimbi. Alikwisha kuinua mkono kulikataa lile goli, kwa sababu ambayo angeipata baadaye. Ila mtikisiko wa watu ulikuwa umemwamsha Mlezi, naye kwa kuwa hakuwahi kuamshwa na goli la timu nyingine, akasimama akapiga makofi. Akapunga mkono pande zote. Kisha, kama ilivyokuwa kawaida yake baada ya ushindi, akaingia garini akaondoka.

Goli lililopigiwa makofi na Mlezi hakuna anayeweza kulifuta. Na Mlezi akiondoka, mechi imekwisha. Hilo lipo kwenye katiba. Refa akapuliza filimbi ya mwisho kwa pumzi ndogo sana, kisha akakimbia.

Uwanja mzima ukamtazama Hemedi. Walitaka bendera. Hemedi alizipekua bendera zake na hakuona ya jambo lile. Kukawa kimya. Halafu mtu mmoja upande wa mashariki akakohoa. Akakohoa na mwingine. Punde uwanja wote ukawa unakohoa, watu wameinama, mabega yakiwatikisika, machozi yakiwatoka, akina mama wameziba midomo kwa khanga, wazee wakipigana migongo. Hakijawahi kutokea kikohozi kitamu kama kile.

Hemedi alikisikia cha kwake kikipanda kutoka kwenye nyayo. Akabana meno. Kikapita. Akaishika tai yake ya wizara akaitia mdomoni akaitafuna, akageuka upande wa golini ili wakubwa wa Jukwaa Kuu wasimwone uso. Kifua kikampwita. Aliwaona wale nzi wawili, aliona bomba linalokoroma, aliona miaka yote ya kijani na njano na nyeupe, na katikati ya wavu aliuona mpira umetulia. Chini ya jukwaa lake mtu alikuwa amepiga magoti ameikumbatia nguzo ya goli. Hemedi hakumwona. Aliuona mpira tu.

*

Jioni ile mji mkuu ulinuka pilau. Hakuna aliyeimba wala kufungulia redio, milango ilikuwa imefungwa, watu walipita barabarani wametazama chini, lakini pilau halifungiwi mlango. Na mabomba, yaliyotakiwa kukoroma mpaka mwisho wa wiki, yakaanza kutoa maji, maana hapakuwa na aliyekumbuka kumwagilia nyasi. Watu walijaza ndoo zao bila kusemezana.

Hemedi alifika nyumbani akaosha uso kwa maji mengi. Zamda akamwekea ubwabwa na maharage. Akala. Akaongeza. Mkewe aliketi kwenye kizingiti, uso ameuelekeza njiani.

"Baba Nasra, leo una njaa," alisema bila kugeuka.

"Ni huzuni, Mama Nasra."

"Huzuni humfanya mtu ale hivyo?"

"Ya kwangu ndivyo inavyokuja."

Zamda akavuta khanga yake mabegani, akasema, "Nuhu hajarudi."

Mkono wa Hemedi ukabaki sahanini. Tangu mpira ulipoingia mpaka dakika ile, hakuwa amekumbuka kwamba Nuhu yupo duniani. Aliutafuna ule wali uliokuwa mdomoni kwa muda mrefu, kwa sababu haukutaka kushuka, na ilibidi ateremshie maji. Maji nayo yalikuwepo ya kutosha.

*

Asubuhi redio ilitangaza maombolezo ya taifa. Ilikuwa imechukua muda kumpata mtu wa kumweleza Mlezi ni goli la nani alilolipigia makofi. Alipoelezwa akauliza swali moja tu: "Waliofurahi ni akina nani?"

Swali la Mlezi halikai bila majibu. Mchana ule ule iliundwa Tume ya Kuwatafuta Waliofurahi, na mwenyekiti akateuliwa Hemedi Lukindo, kwa kuwa hapakuwa na mtumishi mwingine mwenye uzoefu wa furaha kama yeye. Waziri wa Michezo na Furaha, Mheshimiwa Kilumanga, aliizindua kwa hotuba.

"Furaha," alisema Mheshimiwa Kilumanga, "ni rasilimali ya taifa kama yalivyo madini. Anayefurahi bila kibali hana tofauti na anayechimba dhahabu kwa siri. Serikali haikatazi watu kufurahi. Serikali inakataza watu kufurahi ovyo."

Makofi yalipigwa kwa huzuni.

Kesho yake watu wakaanza kuitwa. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekamatwa na sufuria.

"Ulipika pilau jioni ya msiba?" Hemedi aliuliza.

"Lilikuwa pilau la majonzi, mwenyekiti. Sikutia bizari."

Akaletwa mama aliyesikika akipiga vigelegele uani kwake. Alisema alikuwa amekanyaga msumari. Wajumbe wakaomba wauone mguu. Mama akauweka mezani, na kweli msumari ulikuwa umeingia sawasawa, jeraha bado bichi. Alikuwa ameukanyaga asubuhi ile, baada ya kupata wito. Hemedi alilitazama lile jeraha akaomba mama apatiwe dawa.

Kuhusu kikohozi, mganga mkuu wa serikali alitangaza kuwa nchi imepatwa na mlipuko. Waliokuwa uwanjani walitakiwa kujitokeza kunywa dawa. Ilikuwa dawa chungu ya mizizi, yenye rangi ya tope, na haikutibu kitu. Lakini watu walipanga foleni tangu alfajiri, na wengine wakinywa kikombe chao walirudi nyuma ya foleni kuomba kingine. Sababu ni kwamba siku hiyo televisheni ilikuwa imemwonyesha Nuhu. Alikuwa katikati ya askari wawili, bado amevaa jezi, magotini ana nyasi. Hakuinamisha kichwa wala hakukiinua. Alitembea kama mtu anayekwenda kazini. Na ghafla kila mtu alikumbuka kwamba yule ni mwoka mikate, na kwamba kuna siku aliwahi kuwauzia mkate wa moto na kuwaongezea skonzi. Pilau lililobaki walipewa mbwa.

Hemedi aliendelea kuuliza. "Je, ulifurahi?" "Hapana." "Je, ulifurahi?" "Hapana, mwenyekiti." Kila aliposikia hapana alijihisi kama yeye ndiye anayejibu.

Siku iliyofuata Mheshimiwa Kilumanga akamwita ofisini.

"Bwana Lukindo, umewahoji watu wengi mno, na wote nyuso zao zinaonyesha walifurahi. Hatuna magereza ya kutosha. Kosa la wote hilo ni hali ya hewa. Kosa la mmoja ndilo kosa. Kesho mbele ya Mlezi utamtaja mmoja."

"Nani, Mheshimiwa?"

"Kipa. Aliuza mechi, na mpira ulipoingia alifurahi."

"Lakini alizuia mipira yote, Mheshimiwa. Ni ule mmoja tu."

"Hapo ndipo tunapomshuku," waziri alisema. "Kwa nini azuie yote halafu aachie mmoja? Angekuwa mzembe angeachia mingi."

Hemedi alitazama zulia. "Yule ni shemeji yangu."

"Tunajua. Ndiyo maana watu wataamini."

*

Zamda alimpa bakuli la uji ampelekee mdogo wake kituoni. Alifunga bakuli kwa kitambaa, akakaza fundo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nuhu alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya chumba chenye dirisha dogo. Walimruhusu mwenyekiti wa tume aingie peke yake. Nuhu alikunywa uji wote, akashukuru.

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Wakakaa. Hemedi ndiye aliyekuwa na maneno ya kusema na hakuyapata. Nuhu akamsaidia.

"Watu walikohoa sana siku ile," alisema. "Sikuwalaumu. Hata mimi maji yakikatika nailaumu Fahari. Nilipokuwa pale chini nilisema moyoni, acha wacheke, wamevumilia mengi. Halafu nikainua macho nimtafute mtu wangu mmoja. Mmoja tu, awe amenihurumia. Nikakuona wewe."

Hemedi akalivuta bakuli tupu upande wake.

"Ulikuwa unatafuna tai."

"Nuhu."

"Sijamwambia mtu, shemeji. Hata Dada sitamwambia."

"Sikukucheka wewe. Naapa. Nilikuwa naicheka Fahari."

"Najua," Nuhu alisema. "Lakini aliyefungwa ni mimi."

Alikikunja kile kitambaa cha bakuli vizuri, pembe juu ya pembe, akamrudishia. Hemedi alitembea mpaka nyumbani kwa miguu ingawa gari la wizara lilikuwa linamngoja mlangoni. Dereva alimfuata polepole nyuma, kama watu wanavyofuata jeneza.

*

Kikao cha mwisho kilifanyika katika Ukumbi wa Shukrani, na kilirushwa moja kwa moja. Mlezi aliketi mbele kwenye kiti chake kirefu. Nuhu alisimamishwa pembeni. Zamda alikuwa nyuma kabisa miongoni mwa watu. Mheshimiwa Kilumanga akamkaribisha mwenyekiti ataje aliyefurahi.

Hemedi akasimama.

"Aliyefurahi ni mimi," alisema.

Mheshimiwa Kilumanga akageuka kumtazama Mlezi, lakini Hemedi akaendelea.

"Goli lilipoingia nilifurahi. Nilitafuna tai ili msinione. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, na aliyekuwa anaumia chini yangu ni ndugu ya mke wangu, nami nisimwone. Kijana huyu hakuuza kitu. Alizuia mipira yote tuliyostahili kufungwa. Kama furaha ile ni kosa, nikamateni mimi. Kama si kosa, bado mimi siwezi kulala."

Mlezi aliinamisha kichwa kidogo, akitafakari. Alikuwa mtu wa kupenda mantiki. Akauliza taratibu, "Baada ya goli, wewe ulikuwa wa kwanza kufurahi?"

Lilikuwa swali la haki. Hemedi akafungua mdomo kulijibu, na papo hapo akakumbuka, na ukumbi wote ukakumbuka, ni nani alikuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Wazo lile likapita ukumbini kama panya. Kila mtu aliinua miguu, na hakuna aliyelitaja. Mheshimiwa Kilumanga alilowa jasho mpaka beji yake ya Fahari ikaanza kuchuruza rangi kifuani.

Alifika kwenye kipaza sauti kabla Hemedi hajajibu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kabla mwenyekiti hajaendelea, ninayo furaha, nasema, ninao wajibu wa kuwaarifu matokeo ya uchunguzi mwingine mpana zaidi, uliokuwa ukiendelea kwa siri. Imethibitika kwamba siku ile ilinyesha mvua kubwa. Mechi ya fainali haikuchezwa. Mlezi wetu, kwa busara zake, alisimama akawapigia makofi wananchi kwa uvumilivu wao katika mvua, kisha akaondoka. Kwa kuwa mechi haikuchezwa, hakuna goli. Kwa kuwa hakuna goli, hakuna aliyelifurahia. Taifa letu ni safi."

Mlezi aliwaza kidogo. Akakumbuka ile mvua. Akapiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga makofi, na safari hii hawakuhitaji bendera, maana kila mmoja alikuwa amesamehewa jambo ambalo hakulifanya. Watu walikumbatiana. Mama wa msumari alicheza kwa mguu mmoja. Chumvini waliwekwa juu ya lori lao wakarudishwa kwao na zawadi ya miavuli.

Hemedi alibaki amesimama. Baada ya watu kutawanyika alimfuata waziri mlangoni.

"Mheshimiwa, lakini mimi nilifurahi."

"Ulifurahia mvua," waziri alimjibu. "Ilikuwa kiangazi kirefu. Nenda nyumbani, Mkurugenzi."

Ndivyo Hemedi alivyojua kwamba hakuwa tena Naibu.

*

Nuhu aliachiwa mchana wa siku ya pili. Mkono wake wa kulia, ule uliougusa mpira, vidole viwili vilikuwa vimevimba na kugeuka vyeusi. Alipitia hospitali. Waliviangalia wakamwuliza vimeumia wapi, akashindwa kuwajibu, wakamwambia arudi waonane vikishakuwa na sababu. Zamda alimkanda kwa maji ya chumvi uani, akimsemesha mambo madogo madogo ya nyumbani, na Nasra akiwapepea.

Halafu walikula. Ilikuwa ugali na samaki wa nazi, sinia moja kama zamani. Zamda aliingia ndani kufuata ndimu, Nasra akamfuata mama yake, na wale wawili wakabaki peke yao mkekani. Hemedi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi.

"Shemeji," alisema, "ninakuomba unisamehe."

Nuhu alikuwa akihangaika kukata tonge kwa mkono wa kushoto, akisita, kwa kuwa si adabu. Aliacha.

"Nikusamehe nini?"

"Siku ile. Pale uwanjani."

Nuhu alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira. Hemedi angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Niliapishwa kabla ya kutoka, shemeji," Nuhu alisema kwa sauti ya chini. "Waliniambia, siku utakayosema kuna mechi ilichezwa, unarudi humu, na Dada tutamleta akuone. Nami ningependa kukusamehe. Kweli ningependa. Lakini nikikusamehe nitakuwa nimesema ilichezwa."

"Hapa hatusikiwi na mtu."

"Wewe ni Mkurugenzi," Nuhu alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaliona limemwingia mwenzake, akahuzunika kwa ajili yake. Kwa vidole vile vizima vya mkono wa kushoto aliuchambua mnofu wa samaki, akautoa miiba yote polepole, akausogeza upande wa sinia uliokuwa wa Hemedi.

"Kula, shemeji," alimwambia. "Kinapoa."

Hemedi akala.